Mume wangu ni mwalimu wa hesabu, lakini uwiano unatugombanisha

Shikamoo mama.

Nasoma safu yako kila inapotoka na sikuwahi kufikiri nitakuandikia, tena kwa jambo la hesabu. Wenzangu wanakuletea mambo ya mawifi na mirathi, mimi nakuletea uwiano. Naomba usicheke mpaka umalize kusoma.

Nina miaka 32, ni mhandisi wa majengo, nafanya kazi Dodoma. Nimeolewa na tuna mtoto wa miaka mitatu. Mume wangu anafundisha hisabati sekondari, na kusema haki ni mwalimu mzuri. Wanafunzi wake wa zamani humsimamisha stendi kumshukuru. Nimeamua kuomba nafasi ya shahada ya uzamili ya biashara nje ya nchi, kozi ya mwaka mmoja, na chuo ninachokitaka kinadai mtihani wa GMAT. Jambo hili tulikubaliana. Ada ya mtihani tuliichomoa kwenye fedha za nyumba yetu, ambayo mpaka sasa imeishia kwenye lenta, kwa hiyo unaelewa kwamba si pesa ya mchezo.

Sehemu ya lugha sina wasiwasi nayo sana. Sehemu ya hesabu za kawaida najikongoja vizuri. Inayonitesa inaitwa Data Insights, maswali 20 kwa dakika 45, na ndani yake kuna maswali ya utoshelevu wa taarifa. Unapewa swali, halafu kauli mbili. Unaulizwa kama kauli hizo zinatosha kulipata jibu. A ni kwamba kauli ya kwanza peke yake inatosha, ya pili haitoshi. B ni kinyume chake. C, zote mbili kwa pamoja zinatosha ila hakuna inayotosha peke yake. D, kila moja peke yake inatosha. E, hata ukiziunganisha hazitoshi.

Kwenye maswali hayo, yakija ya uwiano, naharibikiwa. Nikupe mifano, maana bila mifano utadhani nadeka.

Moja: katika ofisi, uwiano wa wanaume kwa wanawake ni 3 kwa 4. Je, wanawake ni wangapi? Kauli ya kwanza inasema wanawake wamewazidi wanaume kwa watu 9. Ya pili inasema wakiajiriwa wanaume 6 zaidi, uwiano utakuwa 11 kwa 12. Nilikokotoa zote mbili mpaka mwisho, nikapata 36 kotekote, nikachagua D, nikapata. Kutazama saa, zaidi ya dakika nne zimekwenda.

Jingine: kampuni ina malori na pikapu tu. Uwiano wa malori kwa pikapu ni upi? Kauli ya kwanza, malori ni asilimia 60 ya magari yote. Ya pili, magari yote ni 40. Nikaweka C, kwa sababu zote mbili zilinipa malori 24 na pikapu 16. Jibu ni A.

La tatu ndilo lililonitoa machozi. Shule ndogo ina wavulana na wasichana kwa uwiano wa 5 kwa 7. Wanafunzi wote ni wangapi? Kauli ya kwanza, moja ya tano ya wanafunzi huja kwa basi. Ya pili, wanafunzi hawafiki 100. Nikaweka E bila kujiuliza, maana hapo hakuna namba yoyote ya uhakika. Jibu eti ni C. Mpaka leo najihisi nimedhulumiwa.

Sasa mume wangu. Mtoto akishalala tunakaa meza ya chakula, ananisomesha. Anashika kalamu: "Weka x. Andika mlinganyo. Usiruke hatua." Nikiruka hatua ananirudisha juu. Nikimwambia mtihani huu hauangalii njia, anasema asiyejua njia hajui jibu. Juzi kwenye lile swali la shule akasema, "Mhandisi mzima, uwiano wa darasa la saba unakushinda?" Najua alikuwa anatania. Nilifunga daftari nikaenda kulala chumbani kwa mtoto. Tangu siku hiyo tunasalimiana kama wapangaji.

Nimefanya majaribio ya mtihani kwenye kompyuta, na kila nikifika mwisho wa sehemu ile, maswali kadhaa sijayagusa kabisa. Zimebaki wiki sita. Nimechagua tarehe hiyo ili matokeo yawahi awamu ya kwanza ya maombi. Bosi wangu kazini amekubali kuniandikia barua ya mapendekezo, dada yangu ameshaahidi kunisaidia mtoto, yaani watu wote wananingoja mimi na uwiano wangu.

Kuna kijana anayefundisha GMAT mtandaoni kwa malipo. Nafikiria kumlipa kwa hela ya kazi yangu ya pembeni, bila mume wangu kujua, kwa sababu akijua nimemlipa mtu anifundishe hesabu wakati yeye yumo ndani ya nyumba, itakuwa kama nimempiga kofi. Au niahirishe mtihani? Rafiki yangu ananiambia nihamie GRE, mtihani mwingine wa kuombea uzamili, haina maswali haya. Na usiku mwingine nafikiri niache kabisa, fedha iliyobaki imalizie bati.

Mama, nifanyeje?

Mwenye lenta, Dodoma

*

Marahaba, mwanangu. Kucheka nimecheka mara moja tu, pale kwenye wapangaji, kisha nikajuta, maana nimeona hukuandika kwa mzaha.

Wewe hukujua, ila kabla sijaingia kwenye kazi hii ya kusikiliza watu nilisimama miaka mingi mbele ya ubao nikifundisha hisabati. Kwa hiyo nitakujibu kwa mikono yote miwili, na utanivumilia nikichelewa kufika kwa mumeo.

Nikiirudisha barua yako kwa ufupi, unaniambia mambo matatu yaliyofungwa kamba moja. Uwiano haukuingii. Mwenzio amekudharau. Na mtihani huu ndio mlango wa pekee, ukifungwa umefungwa. Kila moja ya hayo umeliandika kama jambo lililokwisha kuthibitishwa. Mimi sina hakika nalo hata moja, na ningependa tuyafungue taratibu.

Tuanze na hilo la kwanza. Mtu asiyejua uwiano hapati 36 kwa njia mbili tofauti. Ile kauli ya wanaume 6 kuajiriwa si nyepesi. Inabidi uandike 3k kuongeza 6, k ikiwa ni idadi ya watu katika fungu moja la uwiano, ugawe kwa 4k, ulinganishe na 11 juu ya 12, ndipo k itoke 9. Ulilifanya hilo usiku, baada ya siku nzima kwenye vumbi la saiti. Sasa kama uwiano unaujua, kwa nini unakwama? Soma tena maelezo yako mwenyewe kuhusu maswali haya: wanataka kujua kama kauli zinatosha. Umeyaandika vizuri kabisa, halafu kwenye mifano yote mitatu ukatenda kana kwamba umeulizwa ni ngapi.

Nikupeleke saiti, kwa sababu kule huna tatizo hili. Fundi akikwambia zege ni 1:2:4, umejua kila kitu kuhusu mchanganyiko na hujajua chochote kuhusu kiasi. Huwezi kuagiza hata mfuko mmoja wa saruji. Akiongeza kwamba mchanga ni nusu ya kokoto, hajakwambia jipya, kakurudia lile lile kwa sura nyingine. Akisema kokoto imezidi saruji kwa ndoo 30, papo hapo unajua tofauti yao ni mafungu matatu, fungu moja ni ndoo 10, na mengine yote yanafuata. Akisema ndoo 5 za mchanga zilikuwa zimelowa, hiyo nayo ni namba, lakini haikufungwa kwenye fungu lolote, hivyo haikufikishi popote. Na jambo ninalotaka ulione ni kwamba kule saiti unajua kama unaweza kuagiza kabla hujajua utaagiza ngapi. Hukokotoi kwanza ndipo ujue kwamba taarifa zimetosha. Unaangalia: mafungu ninayo? Namba moja halisi iliyofungwa kwenye mafungu hayo ninayo? Basi, simu inapigwa.

Rudi kwenye ofisi yenye wanaume na wanawake. Mafungu umepewa kwenye swali lenyewe, 3 kwa 4. Kauli ya kwanza inakupa tofauti, watu 9. Imetosha, na hukuhitaji kuijua ile 36. Kauli ya pili inasema watu 6 wakiongezwa upande mmoja, uwiano unahama kutoka 3:4 kwenda 11:12. Kisichojulikana ni kimoja, ile k, na mlinganyo ni mmoja ulionyooka ambao k haifutiki ndani yake. Imetosha. Hapo ungeweka D ukaendelea, na zile dakika nne zingekuwa sekunde arobaini.

Nimesema k isifutike, na hapo ni pa kuwa mwangalifu, kwa sababu watunga maswali wanapapenda sana. Tuseme kauli ya pili ingekuwa: wanaume wakiongezeka kwa asilimia 10 na wanawake kwa asilimia 10, uwiano utakuwa 3 kwa 4. Inaonekana ina habari nyingi. Haina. Ukizidisha pande zote mbili kwa kiasi kimoja, uwiano haubadiliki hata ofisi iwe na watu 70 au 7,000, kwa hiyo kauli hiyo ni kweli siku zote na haikuchagulii chochote. Ukiongeza idadi ile ile pande zote, mathalani watu 6 na watu 6, uwiano unahama, na kule kuhama ndiko kunakomfichua k. Vivyo hivyo kauli inayosema wanawake ni sehemu nne kati ya saba za wafanyakazi: ni 3 kwa 4 ile ile. Kabla hujashika kalamu, uliza kama kauli imeleta kitu ambacho swali halikuwa nacho.

Swali la malori ni kosa la upande wa pili. Pale hawakutaka idadi. Walitaka uwiano, na asilimia 60 imeshakwambia ni 3 kwa 2. Wewe ukaona 40, ukaona inakupa namba nzuri nzima, 24 na 16, ukaichukua. Nadhani ni tabia ya kazi yako, mhandisi hapendi kuondoka bila vipimo. Kwenye mtihani huu ile 40 imewekwa pale makusudi kwa ajili ya watu wanaopenda kumaliza kazi. Mimi ningekuzoeza kitu kimoja tu: kabla ya kusoma kauli yoyote, andika pembeni neno moja, "uwiano" au "idadi". Ukiandika uwiano, hutafuti namba halisi kabisa. Ukiandika idadi, unatafuta moja.

Na lile la shule, lililokutoa machozi, hukudhulumiwa, ingawa naelewa kwa nini umejisikia hivyo. Mfuko wa saruji unaupasua ukachukua nusu. Mwanafunzi hagawiki. Wavulana na wasichana wakiwa 5 kwa 7, jumla yao lazima igawanyike kwa 12 bila kubaki: 12, 24, 36, na kuendelea. Moja ya tano wakija kwa basi, jumla hiyo hiyo lazima igawanyike pia kwa 5. Sasa kumbuka KDS ya shule ya msingi, kigawe kidogo cha shirika. KDS ya 12 na 5 ni 60. Kwa hiyo kauli ya kwanza inakupa 60 au 120 au 180, haitoshi. Kauli ya pili peke yake inakuachia 12, 24, mpaka 96, haitoshi. Ziunganishe: kigawe cha 60 kisichofika 100 ni kimoja. C. Hiyo namba ya uhakika uliyoikosa ilikuwa imefichwa ndani ya neno "wanafunzi". Kila uwiano unapohusu watu, magari, viti au mayai, kuna kauli ya tatu isiyoandikwa inayosema kwamba hakuna nusu. Ukihusu lita, kilo au shilingi zenye senti, kauli hiyo haipo, na jibu la namna hiyo hiyo lingekuwa E.

Kuhusu herufi zenyewe, usizichague kwa pamoja kama unachagua kanga dukani. Amua kauli ya kwanza peke yake. Ikitosha, limebaki A au D tu. Isipotosha, yamebaki B, C na E. Kisha isahau kabisa kauli ya kwanza, uisome ya pili kama vile ndiyo pekee uliyopewa. Wengi wanaponea au kuzama katika kule kusahau. Na kwa kuwa sehemu hiyo ya mtihani inakupa kikokotoo kwenye kioo, ukijiona unakifungua katika swali la utoshelevu, simama ujiulize unatafuta nini. Kimewekwa pale zaidi kwa ajili ya majedwali na grafu.

Sasa mumeo.

Barua yako inasomeka kama alikudharau, kisha hapo hapo ukasema unajua alikuwa anatania. Yote mawili yanaweza kuwa kweli. Utani unaouma unauma, na una haki ya kumwambia kwamba lile neno la "mhandisi mzima" lilikukata. Lakini niruhusu nikuulize: ile "usiruke hatua", ilikuwa kukudharau, au ilikuwa ni mwalimu wa sekondari anafanya lile analolijua? Huyu ni mtu aliyezoea mtihani wa kidato cha nne, ambako njia ina alama zake na mtoto aliyeandika jibu tupu anapoteza. Miaka yote ameokoa watoto kwa kuwafundisha waandike kila mstari. Anapokuona unaruka, anaona alama zinamwagika. Hapo ndipo mnapogombania kitu ambacho hakuna hata mmoja wenu amekisema kwa sauti: yeye anakufundisha mtihani mmoja na wewe unakwenda kufanya mwingine. Wala hajakosea kwamba anayejua njia ni bora. Amekosea, kama amekosea, mahali pa kusimama. Kwenye mtihani huu njia unaifuata mpaka unapoona kwamba itafika, halafu unaiacha.

Najiuliza ingekuwaje ungempa yeye kiti cha mwanafunzi kwa usiku mmoja. Mpe maswali matano ya utoshelevu, mwekee saa ya dakika kumi na moja na ushee, kwa sababu dakika 45 kwa maswali 20 ni dakika mbili na sekunde kumi na tano kwa swali. Usimwambie ujanja wowote. Huenda naye akakokotoa mpaka mwisho na muda ukamwishia, na hapo mtakuwa na la kuongea mkiwa mmekaa upande mmoja wa meza. Huenda pia akayamaliza yote kwa dakika saba, na utahitaji moyo wa kulipokea hilo bila kufunga daftari. Simjui mumeo. Wewe unamjua, pima.

Kumlipa yule kijana kimya kimya, hilo nataka tuliangalie bila kutishana. Mwalimu wa pembeni anaweza kukufaa kweli. Wako watu wengi ambao wenzi wao ni madereva wazuri na bado wakaenda kujifunza udereva kwa mtu baki, kwa amani ya nyumba. Kinachonipa shaka ni ule usiri, na si kwa sababu za kimaadili tu. Masomo ya mtandaoni yanahitaji saa za jioni, sauti, intaneti na mlango uliofungwa. Katika nyumba yenye mtoto wa miaka mitatu, siri hiyo ina umri mfupi, na siku ikitoka itaonekana kubwa kuliko ilivyo. Ile hela ya kazi ya pembeni ni yako, lakini umeniambia mwenyewe kwamba fedha za mtihani mlizitoa pamoja. Kwa upande mwingine, ukimwambia waziwazi, kuna uwezekano akaumia, hilo sikufichi. Kuna pia uwezekano akashusha pumzi, kwa sababu hata yeye huenda amechoka kuwa mwalimu mchana na usiku. Ungeweza kuanza na neno dogo: kwamba unamtaka arudi kuwa mume, na hesabu mtafute mtu mwingine wa kuzibeba. Au mgawane, yeye abaki na hesabu za kawaida, ambako njia yake inakufaa, kijana achukue hii sehemu moja.

Na uangalie sana huyo kijana. Wapo wazuri. Wapo pia wanaouza orodha ya ujanja mia moja, na mimi orodha hizo zinanikera, kwa sababu mtu aliyekariri kwamba "uwiano na jumla ni sawa na kutosha" ndiye atakayeanguka siku jumla hiyo inapokuwa ya kundi jingine. Mwombe akufundishe swali moja kwanza, uone kama anakuuliza unafikiri nini au anakuonyesha tu anavyofikiri yeye.

GRE. Rafiki yako amesema kweli, haina maswali ya utoshelevu, na vyuo vingi vya biashara vinaipokea sawasawa na GMAT. Angalia tu chako kinasemaje. Lakini ina maswali ya kulinganisha viwango viwili, na mojawapo ya majibu yake manne ni kwamba uhusiano hauwezi kujulikana kwa taarifa zilizopo. Kwa hiyo ukikimbia kwa sababu hii tu, unaweza kuikuta inakungoja kule ikiwa imebadili jina. Pia msamiati wake wa Kiingereza una sifa ya ugumu, na utaanza maandalizi upya huku ukiwa umeshalipia GMAT. Faida yake ni kwamba hesabu zake zinafanana zaidi na zile za shule, na mumeo angekuwa nyumbani humo. Haya yote nenda nayo kwenye jaribio moja la bure la GRE, ulifanye lote kwa muda kamili, kisha ulinganishe. Mimi na rafiki yako tutabaki tunakisia.

Kuhusu tarehe, wiki sita si chache kwa tatizo la aina hii, kama tatizo ni lile ninalolifikiria. Kubadili mazoea ya kukokotoa kunaweza kuchukua wiki mbili za kukaa nalo kila siku kidogo. Kunaweza pia kugoma, hasa usiku ukiwa umechoka. Ukiahirisha unalipa, na ada ya kuahirisha huzidi kadiri siku inavyokaribia, kwa hiyo ni bora uamue mapema kuliko kungoja wiki ya mwisho. Ukienda na matokeo yakawa hafifu, sheria inakuruhusu kurudia baada ya siku 16, hadi mara tano ndani ya miezi 12, lakini kila safari ni ada nyingine, na najua ni mabati mangapi hayo. Vyuo vingi vina awamu ya pili ya maombi karibu na mwezi wa Januari. Ina ushindani wake, na wakati mwingine fedha za ufadhili zinakuwa zimepungua. Haina aibu.

Nakuomba pia upime upya ukubwa wa adui. Alama ya jumla, inayotoka 205 hadi 805, inatokana na sehemu tatu zenye uzito sawa. Data Insights ni moja. Maswali ya utoshelevu ni sehemu tu ya yale 20, na ya uwiano ni sehemu ya sehemu hiyo. Kinachokuumiza zaidi, kwa maelezo yako, ni yale ya mwisho usiyoyagusa, kwa sababu swali lililoachwa wazi linaadhibiwa kuliko lililokosewa. Kubahatisha moja la uwiano baada ya dakika mbili, ukaliwekea alama ili urudi muda ukiruhusu, kunaweza kukuokolea matatu ya grafu ambayo unayaweza. Unaruhusiwa kubadili majibu hadi matatu kwa kila sehemu, ila kurudi huko kunawezekana tu ukishalifikia swali la mwisho.

Hilo la kuacha kabisa na kumalizia bati sitalipuuza. Ni nyumba yako na ni miaka yako. Wapo wahandisi waliosoma uzamili wa biashara hapa hapa bila mtihani huu, na vyuo vingine vya nje havidai, au huwasamehe wenye uzoefu wa kazi. Ila umeniandikia kwamba mawazo hayo yanakuja usiku. Ningependa uyaangalie asubuhi moja, Jumamosi, ukiwa umekunywa chai, ukiyaona bado yamekaa mezani uyape heshima yake. Na katika asubuhi hiyo hiyo mwulize mumeo swali ambalo sijaliona kwenye barua yako: mwaka ule mmoja utakapokuwa mbali, siku zake na za mtoto zitakwendaje? Umeandika kwamba mlikubaliana, ukataja dada atakayemsaidia mtoto. Yeye hukumtaja. Inawezekana mmeshayazungumza mpaka yakaisha na hukuona haja ya kuniambia.

Niandikie tena. Na utakapoandika unitajie chuo kinafunga maombi ya awamu ya kwanza tarehe ngapi hasa, maana hukuitaja, na nusu ya niliyoyasema kuhusu kuahirisha na kurudia yanategemea hiyo.